Costa Rica kwa Mtalii na kwa Mnunuzi wa Nyumba: Mwongozo Kamili kuanzia Viza hadi Hati

Ilikuwa mwezi wa Machi, kiangazi kimekausha kila kitu, nami nimesimama juu ya kilima huko Guanacaste, Pasifiki ikimetameta chini yangu. Dalali alikuwa ameshataja bei mara mbili. Nikamwomba afungue bomba lililokuwa pembeni mwa uzio. Likakohoa, likatoa upepo, likadondosha matone matatu ya kutu, likanyamaza. Kiwanja kile kilikuwa na hati safi na barabara ya kupitika, ila maji hakikuwa nayo. Na Costa Rica, kiwanja kisicho na barua ya maji, yaani uthibitisho kwamba maji yapo, hakipewi kibali cha ujenzi.

Kwa hiyo mwongozo huu una mpangilio wake. Kwanza tembea nchi kama mgeni, na ukiweza iwe msimu wa mvua. Pili kagua makaratasi na maji. Pesa ije mwisho. Waliogeuza mpangilio huo ndio wenye viwanja vya kupigia picha tu.

Hatua ya 1: Ijue nchi kabla ya kukata tiketi

Costa Rica ni nchi ndogo, kilomita za mraba 51,100 hivi, iliyobanwa kati ya Nicaragua na Panama, bahari pande mbili: Karibi mashariki, Pasifiki magharibi. Watu wake ni milioni 5 na ushei. Jeshi lilifutwa tarehe 1 Desemba 1948 na José Figueres Ferrer, na katiba ya 1949 ikalipiga muhuri jambo hilo. Kiserikali kuna mikoa 7: San José, Alajuela, Cartago, Heredia, Guanacaste, Puntarenas na Limón. Ishike orodha hiyo kwa mpangilio huohuo, maana itarudi tutakapofika kwenye namba za hati.

Lugha ni Kihispania, wenyewe wanajiita *ticos*, na fedha yao ni *colón*, ingawa nyumba nyingi zinazolengwa kwa wageni hutangazwa kwa dola. Saa zao ziko nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa 9. Wako nyumbani wakila kifungua kinywa, kwenu ni jioni, na hilo litakusumbua siku utakapokuwa unamtafuta mwanasheria kwa simu.

Hatua ya 2: Viza, tiketi na chanjo

Idara ya uhamiaji ya Costa Rica imegawa nchi za dunia katika makundi manne. Wenye pasipoti za kundi la kwanza, Wamarekani wakiwemo, huingia bila viza, na tangu 2023 wanaweza kupewa hadi siku 180. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki kwa kawaida anahitaji viza ya ubalozi, lakini aliye na viza hai ya Marekani ya kuingia mara nyingi, au ukaazi wa huko, huwa na njia nyepesi zaidi. Soma orodha ya uhamiaji yenyewe kabla hujalipa tiketi. Kibandani wataomba tiketi ya kuondoka nchini na ushahidi wa pesa ya kujikimu, kwa hiyo vitoe vyote kwenye karatasi.

Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna. Njia ya Ulaya, kupitia Madrid, Amsterdam au Paris, ndiyo isiyo na maumivu mengi. Ukipitia Marekani utatakiwa viza yao hata kama unabadilisha ndege tu na hutoki uwanjani. Na mwenye pasipoti ya Kongo ajue kwamba nchi za Schengen, Hispania, Uholanzi na Ufaransa zikiwemo, humdai viza ya kupita uwanja wa ndege.

Kadi ya homa ya manjano usiiache. Nchi kadhaa za Afrika, DRC ikiwemo, ziko kwenye orodha yao, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Umeme wao ni volti 120 na soketi ni za Kimarekani. Pasi ya volti 240 uliyobeba kutoka Mombasa haitapata moto wa kukunjua hata kola.

Hatua ya 3: Chagua msimu kwa kusudi lako

Wenyewe wana majira mawili. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni *verano*, kiangazi. Kuanzia Mei hadi Novemba ni *invierno*, mvua. Upande wa Pasifiki, Septemba na Oktoba mvua hunyesha ikasahau kukatika. Cha ajabu, miezi hiyohiyo upande wa Karibi mara nyingi ndiyo mikavu na bahari hutulia.

Mtalii wa likizo fupi aje Januari au Februari, bei ziko juu lakini jua halikosi. Mnunuzi aje mara mbili. Aje Oktoba aone barabara inakoliwa na maji na mto unakofika, kisha arudi Machi afungue bomba. Safari hizo mbili ni ghali, nakubali, lakini ni nafuu kuliko kuchimba kisima kusikoruhusiwa kisima.

Hatua ya 4: Siku 14 za kuzunguka

Siku mbili za kwanza kaa Bonde la Kati. San José iko mita 1,170 hivi juu ya bahari na hewa yake ni ya Arusha zaidi kuliko ya Dar. Panda volkano ya Irazú, mita 3,432, asubuhi na mapema kabla wingu halijafunika kilele. Ukiipenda kahawa, tafuta ya Tarrazú, na uione inavyochujwa kwa *chorreador*: soksi ya kitambaa imening'inizwa kwenye kijiti cha mbao, maji ya moto yanamiminwa polepole, kikombe kiko chini.

Siku ya tatu hadi ya sita nenda La Fortuna kwenye volkano ya Arenal, kisha Monteverde. Arenal ililipuka ghafla tarehe 29 Julai 1968, ikafuta vijiji, ikaendelea kutema hadi 2010. Sasa imelala, na chemchemi za maji moto zilizoko chini yake ndizo zinazowavuta watu. Monteverde ina historia inayonigusa: mwaka 1951 familia za Wakweka, dhehebu la Kikristo, kutoka Alabama, zilizokataa vita na utumishi wa jeshi, zilihamia kwenye mlima huu kwa sababu nchi haikuwa na jeshi. Wakafuga ng'ombe wa maziwa na wakaacha sehemu ya msitu wa juu bila kuugusa ili chemchemi zisikauke. Hifadhi ya msitu wa mawingu ilianzishwa hapo mwaka 1972. Ndege anayetafutwa ni *quetzal*, wa kijani, mkia mrefu kuliko mwili.

Siku ya saba hadi ya tisa, Pasifiki. Manuel Antonio ni hifadhi ndogo yenye fukwe nyeupe, nyani wadogo na *perezoso*, yule mnyama anayening'inia mtini siku nzima bila haraka na mtu. Tiketi hununuliwa mtandaoni tu, kwenye mfumo wa SINAC, mamlaka ya hifadhi, na Jumanne hufungwa. Ukiwa njiani, simama kwenye daraja la mto Tárcoles uwatazame mamba waliolala matopeni. Kusini zaidi, Uvita, maji yakitoka, fungu la mchanga hujitokeza lenye umbo la mkia wa nyangumi, na nyangumi wenyewe hupita hapo Julai hadi Oktoba. Mwenye nguvu za kutembea aendelee hadi Corcovado, rasi ya Osa. Tangu 2014 huingii humo bila kiongozi aliyesajiliwa.

Siku zilizobaki zipeleke Karibi, na hapa sitapita haraka.

Tortuguero haina barabara. Unafika kwa boti au kwa ndege ndogo, na kati ya Julai na Oktoba kasa wa kijani hupanda ufukweni usiku kutaga. Unakaa gizani, simu imezimwa, kiongozi ana taa nyekundu tu. Unasikia mchanga ukirushwa, fyaa, fyaa, kwa muda mrefu kabla hujaona chochote.

Kisha shuka Limón, Cahuita na Puerto Viejo. Watu weusi wa mkoa huu wengi ni wajukuu wa Wajamaika walioletwa kujenga reli ya kwenda pwani kuanzia miaka ya 1870, reli iliyokamilika 1890, wakabaki kwenye mashamba ya ndizi. Kwa miongo mingi wengi wao waliishi bila uraia katika nchi waliyozaliwa, hadi mabadiliko ya 1948 na 1949 yalipowafungulia mlango. Mwaka 2018 Epsy Campbell Barr, mwenye asili hiyo, akawa makamu wa rais.

Jumapili moja Puerto Viejo niliingia kwenye *soda*, ndiyo mama ntilie yao, nikaagiza chakula cha siku. Sahani ikaja na wali uliopikwa pamoja na maharage mekundu kwenye tui la nazi, na kuku wa mchuzi pembeni. Nilinyanyuka nikaenda kuchungulia jikoni. Juu ya sufuria kulikuwa na pilipili moja nzima, ya aina ile ile ya mbuzi, imewekwa bila kupasuliwa ili itoe harufu isitoe ukali. Mama aliyekuwa anapika akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia tunapika hivihivi, pilipili vilevile. Akaniongezea wali na hakuutoza.

Hatua ya 5: Mambo ya kila siku

Kuendesha ni upande wa kulia. Basi hufika karibu kila mahali na nauli ni ndogo. Teksi halali ni nyekundu, na mita yake inaitwa *maría*. Bili ya mgahawa huja na asilimia 13 ya kodi na asilimia 10 ya huduma, kwa hiyo bahashishi si lazima.

Anwani za namba za nyumba hazitumiki sana. Utaambiwa "mita 200 kaskazini ya kanisa", na mita 100 maana yake ni kona hadi kona, sio kipimo cha kamba. San Pedro, karibu na San José, watu wanaelekezana kwa *antiguo higuerón*, mti uliokwisha anguka zamani. Aliyezoea kuambiwa "shuka pale penye mbuyu" hatapotea.

Usalama: bahari ya Pasifiki ina mikondo inayovuta mtu kina kirefu. Ikikuchukua usishindane nayo, ogelea sambamba na ufukwe hadi ikuachie. Usiache begi ndani ya gari hata dakika tano. Mauaji yameongezeka miaka ya karibuni. 2023 yalivunja rekodi, zaidi ya 900, mengi yakihusiana na biashara ya dawa za kulevya. Mgeni wa kawaida hakutani nayo, ila mnunuzi aulize kuhusu mtaa husika, sio nchi kwa jumla. Dharura piga 911.

Hatua ya 6: Jua ni ardhi ya aina gani unayoonyeshwa

Kwetu Tanzania mgeni hamiliki ardhi, na Kenya katiba ya 2010 inampa upangaji usiozidi miaka 99. Costa Rica mgeni anamiliki ardhi yenye hati sawa na mwananchi, hata akiwa na viza ya utalii. Uhuru huo ndio unaowalegeza watu, wakadhani kila kipande ni sawa. Si sawa.

Ufukwe uko chini ya sheria namba 6043 ya 1977. Kuanzia alama ya maji kujaa, mita 50 za kwanza ni za umma, haziuzwi wala hazijengwi. Mita 150 zinazofuata ni za serikali, na halmashauri hukodisha kwa *concesión* ya miaka 5 hadi 20. Mgeni ambaye hajakaa nchini miaka 5 hapewi, na kampuni ambayo zaidi ya nusu ya hisa ni za wageni haipewi. Watakuambia tumia jina la mwananchi, mkubaliane pembeni. Usikubali. Siku mkigombana, mwenye jina ndiye mwenye nyumba. Ipo ardhi chache ya ufukweni yenye hati kamili ya kabla ya sheria hiyo, na inauzwa kwa bei yake.

Usiguse pia maeneo haya: ukanda wa kilomita 2 kando ya mipaka ya Nicaragua na Panama, maeneo ya jamii asilia kama Bribri na Cabécar, ambayo sheria ya 1977 inakataza kumuuzia asiye mwenyeji, na ndani ya hifadhi. Gandoca-Manzanillo, kusini mwa Puerto Viejo, ina migogoro ya hati ya miaka mingi. Pazuri, lakini pasubiri.

Msitu nao una sheria yake, namba 7575 ya 1996. Ukinunua ekari tano za miti umenunua msitu, huwezi kuugeuza uwanja wa majengo. Kando ya mto unaachia mita 10 mjini na 15 kijijini kwenye tambarare, na 50 kwenye mteremko. Kuzunguka chemchemi ni mita 100. Sheria hiyo naiheshimu kwa dhati: nchi iliyokuwa inafyeka kwa kasi leo zaidi ya nusu yake ni msitu, na ndiyo sababu wewe na mimi tunataka kwenda.

Hatua ya 7: Soma hati mwenyewe

Ofisi ya kusajili hati inaitwa Registro Nacional na kumbukumbu zake zinafunguliwa mtandaoni na mtu yeyote. Mwombe muuzaji namba ya *folio real*. Mathalani 5-123456-000: tarakimu ya kwanza ni mkoa kwa mpangilio ule wa mwanzo, kwa hiyo 5 ni Guanacaste, katikati ni namba ya shamba, mwisho 000 ni mmiliki mmoja. Ukiona 001, 002, ujue wamiliki ni zaidi ya mmoja, na sahihi ya mmoja haitoshi kuuza chote.

Ndani ya ukurasa huo tazama jina la mmiliki na ulilinganishe na kitambulisho cha anayekuuzia. Tazama *gravámenes*, yaani rehani na vizuizi, na *anotaciones*, maombi yanayosubiri kuandikwa. Tazama *servidumbre*, haki ya njia. Kiwanja kisichogusa barabara ya umma kinaishi kwa haki hiyo, na ahadi ya jirani ya mdomo si njia. Chukua pia namba ya *plano catastrado*, ramani ya upimaji, kisha mlipe mpimaji wako aende na ramani hiyo shambani atafute alama za mipaka. Nenda naye. Uzio na ramani mara nyingi havielewani.

Ukiambiwa hakuna hati bali kuna "haki ya umiliki wa kukaa", ondoka na pesa yako.

Hatua ya 8: Maji na halmashauri

Maji hutolewa na AyA, shirika la taifa, au na ASADA, kamati ya maji ya kijiji. Unahitaji *carta de disponibilidad de agua* yenye namba ya kiwanja hicho hicho. Barua ya kiwanja cha jirani haihusu. Kisha halmashauri ikupe *uso de suelo*, inayosema panaruhusiwa kujengwa nini. Hizi mbili ziwe sharti la mkataba, ziandikwe: zisipopatikana, amana inarudi.

Usione haya kwenda mwenyewe ofisi ya ASADA. Mara nyingi ni chumba kimoja chenye feni na katibu anayejua kila bomba la kijiji. Mwulize Machi maji hukatika saa ngapi. Atakujibu ukweli ambao hakuna tangazo litakupa.

Nyumba iliyokwisha jengwa, mpeleke mhandisi. Nchi inatikisika: Nicoya ilipigwa na tetemeko la 7.6 tarehe 5 Septemba 2012. Aangalie nondo, paa na mteremko ulio nyuma ya nyumba.

Hatua ya 9: Mkataba, mwanasheria, malipo

Dalali wa nyumba halazimiki kuwa na leseni, kwa hiyo mtu yeyote mwenye simu ni dalali. *Notario* ni habari nyingine: lazima awe mwanasheria, na yeye ndiye anayeandika *escritura*, hati ya mauzo, na kuipeleka kwenye Registro. Tafuta wako, usitumie wa muuzaji, hata kama ni bure.

Anzia na mkataba wa *opción de compraventa*, yaani makubaliano ya awali ya kununua, wenye masharti na muda. Amana iende kwa wakala wa kushikilia fedha aliyesajiliwa na SUGEF, msimamizi wa taasisi za fedha, kamwe isiende mkononi kwa muuzaji. Utaulizwa chanzo cha pesa, basi andaa taarifa za benki mapema. Nyaraka kutoka nchi zilizo kwenye mkataba wa Apostille, wa kutambuliana nyaraka, kama Oman na Burundi, hupigwa muhuri huo. Kama nchi yako haimo, pitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi.

Kodi ya uhamisho ni asilimia 1.5. Ukijumlisha stempu na ada ya notario, weka akiba ya asilimia 4 ya bei. Kila mwaka halmashauri hutoza asilimia 0.25 ya thamani iliyosajiliwa, na nyumba za kifahari zina kodi ya ziada. Ukipangisha kwa watalii, kuna asilimia 13 ya kodi ya ongezeko la thamani. Ukiuza kwa faida, tangu Julai 2019 ni asilimia 15 ya faida. Wengi hununua kwa jina la kampuni. Ina faida zake za urithi, lakini ina kodi yake ya kila mwaka na tamko la wamiliki halisi, na adhabu ya kusahau ni kali. Kwa nyumba moja ya kuishi, mimi ningeandika jina langu.

Hatua ya 10: Ukaazi, ukiutaka

Hati ya nyumba haikupi ukaazi peke yake. Njia kuu ni tatu: *pensionado*, mwenye pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi, *rentista*, mapato ya dola 2,500 kwa mwezi kwa miaka miwili, na *inversionista*, ambaye kiwango chake sheria ya 2021 ilikishusha kutoka dola 200,000 hadi 150,000. Thamani inayohesabiwa ni ile iliyosajiliwa, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kukataa pale muuzaji anapotaka muandike bei ya chini kwenye hati. Baada ya miaka mitatu unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kabla ya hapo unaweza kumiliki biashara, lakini huruhusiwi kuajiriwa.

Hatua ya 11: Miezi mitatu baada ya kununua

Badilisha jina kwenye mita ya maji na ya umeme. Jiunge na Alerta Registral, huduma ya Registro inayokutumia ujumbe kila mtu anapogusa hati yako. Piga picha za uzio kila kona zikiwa na tarehe.

Kama hutakaa hapo, weka mlinzi, na umwajiri kisheria: mkataba wa maandishi, mshahara benki, michango ya Caja, mfuko wa hifadhi ya jamii, na *aguinaldo*, mshahara wa mwezi wa kumi na tatu, kila Desemba. Mlinzi uliyemwachia funguo kwa maneno tu, bila mshahara, anaweza miaka ikipita kudai kwamba alikuwa akikaa kama mwenye mali, na sheria inamsikiliza anayekaa wazi bila kupingwa miaka 10. Wavamizi, *precaristas*, nao huchagua shamba ambalo halijafyekwa. Ukipata habari wameingia, mpigie mwanasheria siku hiyohiyo, maana wiki za mwanzo ndizo ambazo kuwatoa ni rahisi.

Na nenda mwenyewe walau mara moja kwa mwaka, mwezi wa Machi, ufungue bomba.